Akodiani Ngazini

Kwanza niseme, mie si mtu wa kuona haya ovyo. Nimeshatolewa kwenye kikao cha harusi kwa ajili ya mdomo wangu. Nimeshaangusha kochi la watu watatu mtaroni, mwenye kochi anatazama, na nikacheka. Lakini ile siku ya Kinondoni, mpaka leo ikinijia nikiwa napiga misumari, naweka nyundo chini najifunika uso kwa viganja. Mke wangu akiniona hivyo anajua. Anasema, "Ushapanda ngazi tena," kisha anaendelea na mambo yake.

Jina langu Mwishehe, fundi makochi, kibanda changu kipo Tabata. Nina miaka hamsini na moja na mtoto mmoja tu, Naima. Mwanzoni mwa mwaka huu Naima alichumbiwa, harusi ikapangwa mwezi wa nane, na mie nikaingiwa na hamu ambayo sijui ilikuwa imejificha wapi. Siku namuoa mama yake kulikuwa na kikundi cha taarabu kutoka Temeke, na ndani yake babu mmoja na akodiani. Alipiga wimbo mmoja wa zamani, polepole, mpaka mama mkwe aliyekuwa hanitaki akalia akanikubali. Nilitaka siku ya Naima nisimame mbele ya watu nimpigie wimbo ule kwa mikono yangu. Hicho tu, sikutaka kingine.

Akodiani yenyewe ilinifuata kazini. Mzee mmoja wa Kihindi alishuka kwenye bajaji mbele ya kibanda, mwembamba, shati limenyooshwa, amekumbatia kitu kilichofungwa kwenye shuka. Alifungua akanionyesha. Ilikuwa nyekundu, upande mmoja meno meupe kama ya kinanda, upande wa pili vifungo vyeusi vidogo vidogo, na katikati mfuko wa hewa wa kukunjuka, umechanika pembeni. Alisema amezunguka mji mzima, hakuna anayeshika kitu kama hicho, ndipo akafikiri kwamba mtu anayejua ngozi na gundi ni fundi makochi. Nikamwona ana akili.

Ilinichukua siku tatu. Nilibandua pembe zote za mfuko, nikakata vipande vya ngozi laini ya mbuzi, nikavibandika kimoja kimoja. Alipokuja kuichukua aliivaa palepale, katikati ya makochi yasiyo na vitambaa, akapiga. Mie nilikuwaga nasikia sauti ile utotoni kwa mashangazi zangu. Nikamwambia malipo sitaki, anifundishe. Alinitazama mikono, akaigeuza viganja juu, akasema ni migumu lakini ni ya mtu anayejua kushika kitu. Huyo ndiye Mzee Mohamedjaffer.

Basi kila Jumamosi baada ya Alasiri nikawa naenda kwake Kinondoni, ghorofa ya pili, anakoishi na mwanawe Aun mwenye duka la vipuri. Mkewe ameshafariki. Mzee alijifunza akodiani ujanani Tanga, kwa mpigaji mmoja aliyekuwa mteja wa duka la baba yake, na tangu hapo ameipiga kwa siri siri, mlango umefungwa, maana ni mtu anayeheshimika kwao. Kila mwaka yeye ndiye anayemimina sharubati kwenye shughuli zao za dini. Sikuzitilia maanani habari hizo, nilikuwa natazama mikono yake tu.

Jamani, chombo kile ni kigumu. Mkono wa kulia unacheza meno, wa kushoto unabonyeza vifungo ambavyo huvioni, na huohuo wa kushoto unavuta na kusukuma mfuko. Ukisahau kuvuta, hewa inakwisha katikati ya wimbo na chombo kinatoa sauti ya mtu aliyekabwa. Vile vifungo vimefanana vyote, isipokuwa kimoja chenye kishimo katikati. Kidole kikikipata kile, vingine vyote unavijua vilipo. Mzee alikuwa hachoki kusema, "Usitazame, fundi. Tafuta kishimo."

Mwezi wa pili wa kujifunza akaniruhusu niende nayo nyumbani, nairudisha Jumamosi. Mtaa mzima ulinicheka. Walisema machinjio ya Vingunguti yamehamia Tabata, na watoto wakipita kibandani walilia kama mbuzi. Watu wakiniuliza nani ananifundisha, hapa ndipo nilipoanza kuharibu. Nilisema najifundisha mwenyewe, kwenye simu. Niliona haya kusema mtu mzima wa miaka hamsini anakwenda kushikwa vidole kama mtoto wa chekechea. Nilisema mara moja, mara ya pili ikatoka kwa urahisi zaidi, na mwisho mpaka Naima akawaambia wakweze watarajiwa kwamba baba yake amejifundisha akodiani mwenyewe. Sikumsahihisha.

Wimbo wenyewe ulikuwa na mahali palipokuwa pananishinda. Karibu na mwisho sauti inapanda, inapinda, kisha inashuka ghafla, na hapo mkono wa kushoto unatakiwa uruke vifungo viwili huku unageuza mfuko. Mzee alipaita mpindo. Kila nikifika mpindoni nakwama. Jumamosi moja mwezi wa sita nilikwama mara kumi na moja, nilihesabu, na mara ya kumi na moja Mzee alinigusa bega akasema tupumzike.

Halafu akanieleza. Kesho kutwa au siku inayofuata mwezi ungeandama, Muharram inaingia. Kwao ni wakati wa msiba, hakuna muziki, hakuna sherehe, miezi miwili na siku nane. Alisema akodiani nibaki nayo, kwangu ni hiari yangu, lakini pale nyumbani nisiilete wala tusisome mpaka siku zile zipite. Aun alikuwa chumba cha pili, anapiga pasi. Mzee akarudia tena, taratibu, kama unavyomrudia mtu uliyemwona hakusikii.

Na kweli nilikuwa sisikii. Nilikuwa napiga hesabu ya siku, na harusi ilikuwa inaangukia katikati. Nikajua, au nikajifanya najua, kwamba ameshanichoka. Mara kumi na moja, nani asingechoka? Nikaona anatafuta njia ya adabu ya kuniondoa. Habari ya msiba wa Mashia nilikuwa naijua kijuujuu, kila mtu Dar ameshawaona wamevaa nyeusi siku ya Ashura, ila mie nilidhani ni siku hiyo moja, ile ya kumi. Nilimuaga nimenuna, nikashuka ngazi nanung'unika.

Siku zilizofuata sikugusa kochi. Niliupiga ule mpindo asubuhi, mchana na jioni, mpaka bega la kushoto likavimba. Mke wangu alihamia na mboga zake kwa jirani. Siku ya nne nikaupita. Nikajaribu tena, nikaupita tena, ingawa mwanzo wa wimbo nikakosea. Simu yangu nayo asubuhi ile ilikuwa imejaa salamu za heri ya mwaka mpya wa Kiislamu, kila kundi maua na misikiti. Nikapata wazo. Leo mwaka mpya, nitavaa vizuri, niende nimpe Mzee heri na kumpigia wimbo mlangoni kwake, aone kama mie ni mtu wa kuachwa.

Nilivaa kanzu mpya niliyoshonewa kwa ajili ya harusi, na koti, na marashi. Nilinunua na boksi la keki. Baada ya Alasiri nikawa Kinondoni.

Nilipofika ngazi za mwisho nikaona viatu. Viatu vingi, vya wanaume na vya wanawake, vimejaa mlangoni mpaka kwenye ngazi. Na ndani kimya, sauti ya mtu mmoja tu inasoma kitu polepole. Mie ni mtu wa pwani. Mtu wa pwani akiona viatu vingi mlangoni na ndani kimya, haulizi, anajua ni msiba, anakatisha maneno anashusha sauti. Miguu yangu ilijua, ilisimama yenyewe. Ila kichwa kikasema ni wageni wa mwaka mpya, na nafsi ikafurahi kwamba leo nimepata na watu wa kunisikiliza. Nikaweka keki chini kati ya viatu. Nikakaza mikanda mabegani, nikatafuta kishimo, nikapiga.

Ngazi za zege zinabeba sauti kuliko ukumbi wowote. Wimbo ulijaa toka chini mpaka juu. Sauti ya yule msomaji ilikatika, na mie nikaona ni heshima. Nilipiga ubeti wa kwanza safi, wa pili safi. Nikafika mpindoni, nikapanda, nikapinda, mkono ukaruka vifungo viwili, mfuko ukageuka, nikashuka upande wa pili salama. Sikuamini. Nikaumaliza wimbo mpaka mwisho, bila kosa hata moja, kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe. Na kwa furaha nikapaza sauti nikasema, "Mwalimu, heri ya mwaka mpya!"

Mlango ukafunguliwa. Chumba kizima kilikuwa cheusi. Wanaume mashati meusi, wanawake kule ndani mashungi meusi, mabibi wenye macho mekundu, vitambaa mikononi. Wote wananitazama mie, na kanzu yangu nyeupe, na marashi yangu, na lile dude jekundu kifuani. Mzee Mohamedjaffer alitoka, naye yuko kwenye nyeusi, analia bado. Nyuma yake Aun, uso umemvimba kwa hasira. Mie nilitaka ile ngazi ipasuke inimeze na keki yangu.

Angeweza kusema hanijui. Angeweza kusema huyu ni fundi wa makochi, labda amelewa. Watu wake walikuwa wanasubiri aseme, na wengi wao hawakuwa na habari kama katika uzee ule bado anashika akodiani. Alinivua mikanda taratibu, akakunja mfuko, akaufunga vikanda vyake ili usilie tena. Kisha akageuka kwa watu.

"Huyu ni mwanafunzi wangu," alisema. "Kosa ni langu. Msimlaumu yeye."

Mie nilisimama palepale nimefumba mdomo. Alikuwa amenieleza. Alinieleza mara mbili, taratibu, na sasa anabeba kosa langu mbele ya ndugu zake, nami nanyamaza namwachia alibebe. Akanishika mkono, akaniingiza mpaka kizingitini, akanipa glasi ya sharubati kwa mkono wake. Niliinywa. Ilikuwa tamu sana. Sikumbuki nilivyofika chini, akodiani nimeiacha kulekule.

Wiki tatu sikulala vizuri. Kibandani nilikuwa nakosea vipimo. Mke wangu nilimsimulia, alicheka kidogo halafu akaacha, akasema, "Na hukusema kitu?" Nikamjibu sikusema. Naima sikumwambia, kwake bado nilikuwa baba aliyejifundisha mwenyewe.

Wiki moja kabla ya harusi Aun akaja kibandani na gari. Akateremsha akodiani, imefungwa kwenye ile shuka yake, akaiweka juu ya meza ya kukatia vitambaa. Hakunisalimu, na sikumlaumu. Alisema baba yake ameagiza kwamba msiba ni wa kwao na harusi ni ya kwangu, kwa hiyo nichukue nikampigie mwanangu. Nikamuuliza Mzee anaendeleaje. Akasema mwaka huu hakumimina sharubati. Walimwomba, akakataa mwenyewe, akakaa nyuma kabisa ukutani.

"Baba alikueleza," Aun akasema. "Mara mbili. Nilikuwepo, napiga pasi."

Nikasema najua. Akasema mengine nitamuuliza Mzee mwenyewe, akaingia garini.

Harusi ilikuwa kwenye ukumbi hapohapo Tabata. Akodiani niliiweka juu ya kiti karibu na jukwaa, imefunguliwa shuka, inang'aa. Kabla ya hapo niliijaribu kidogo nyumbani na vidole vilikuwa na wimbo wote. Ningeweza kupiga. Mzee mwenyewe alikuwa ameniruhusu, Naima ananisubiri, na kitu nilichokitaka mwaka mzima kilikuwa hatua tatu kutoka nilipokaa. Mshereheshaji, kijana anaitwa Brightson, akashika kipaza sauti akasema sasa baba wa bibi harusi atatuburudisha, baba ambaye hakufundishwa na mtu, amejifundisha mwenyewe kwenye simu yake, na tumpigie makofi. Ukumbi ukapiga makofi na vigelegele. Naima alinyanyuka kwenye kiti chake cha maharusi, anatabasamu mpaka jino la mwisho.

Nilinyanyuka na kukiomba kipaza sauti.

"Sikujifundisha mwenyewe," nilisema. "Nimewadanganya. Nimefundishwa na Mzee Mohamedjaffer wa Kinondoni, alinishika vidole kimoja kimoja. Mwalimu wangu sasa hivi yuko msibani, na mie nilikwenda kumpigia muziki kwenye msiba wake. Leo sipigi. Naima mwanangu, nisamehe."

Sauti moja huko nyuma, nadhani ya jirani yangu wa gereji, ikasema si tulisema huyu hajui, na ukumbi ukacheka. Mwingine akalia kama mbuzi. Brightson alijua kazi yake, akaamuru muziki wa spika upigwe haraka. Nilimwona Naima anakaa taratibu, anamwambia mama mkwe wake jambo bila kumtazama. Mtoto yule nilikuwa sijawahi kumwaibisha, na nilichagua siku ile. Nilirudi kwenye kiti changu, nikaifunika akodiani kwa shuka. Mtaani mpaka leo wengi wanaamini siwezi kupiga hata ubeti mmoja, na Naima alichukua majuma mawili kunipigia simu.

Siku zile zilipokwisha, miezi miwili na siku nane na nyingine tatu nilizoongeza kwa woga, nilikwenda Kinondoni siku ya Jumamosi. Akodiani ilikuwa imefungwa, imebanwa kwapani. Nilipanda nikahesabu viatu mlangoni, jozi mbili tu, za wenyewe. Hata hivyo nilisimama pale dakika kadhaa kabla ya kugonga.

Mzee alifungua mwenyewe. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanikaribisha kiti kilekile. Alikuwa amepungua. Nilikuwa nimepanga maneno mengi njiani, yakatoka yote kwa fujo. Nikamwambia alinieleza mara mbili na mie nikaziba masikio, nikamwacha abebe kosa langu mbele ya watu wake, na Tabata nilikuwa nimelificha jina lake miezi yote. Nikamwambia na ya harusini. Alisema ya harusini ameyasikia.

Alikuwa anakunja na kukunjua pembe ya ile shuka.

"Fundi," alisema, "mie nilikuwa nimekaa karibu na mlango. Ulipopiga sauti ya kwanza tu nilijua ni wewe. Aun alinyanyuka akuzuie, nikamshika mkono."

Sikumwelewa. Nikamuuliza kwa nini.

"Nilitaka kusikia kama utaupita mpindo." Macho yake yalikuwa chini, kwenye shuka. "Msomaji amenyamaza, watu wanalia, wananitazama nikuzuie, na mie nimemshika mwanangu mkono nasikiliza akodiani. Mpaka mwisho. Niliposema kosa ni langu, nilikuwa sikutetei."

Basi tulikaa hivyo, watu wazima wawili, hakuna anayeweza kumtazama mwenzake. Aun alipita kwenda jikoni, akaweka chai mezani, na safari hii alinisalimu. Baada ya muda Mzee akaniambia nivae. Nikavaa, nikakaza mikanda, nikaanza. Nilikosea ubeti wa kwanza, nikakosea wa pili, na mpindoni hewa ikaniishia kabisa. Tangu siku ile nimeshaupiga wimbo huo mara nyingi na kila mara nina kosa mahali. Bila kosa nimeupiga mara moja tu, ngazini.

Mzee akanigusa bega. Akasema tuanze mwanzo, nitafute kishimo.